Udongo wa Chini ya Kitanda

Mama aliacha wosia mmoja tu, nao uliwaudhi watu: kaburi lake lisijengewe. Lisitiwe sementi, wala vigae, wala kile kibanda cha mabati ambacho siku hizi kila mtoto aliyeko mjini huona ni lazima awasimikie wazazi wake. Udongo mtupu, basi. Kabla tanga halijaanuliwa, masufuria ya kuazima yangali yamejaa uani, ndugu zangu wa upande wa baba walinikalisha chini wakaniambia naaibisha ukoo, kwamba mtu mwenye binti aliyesoma hawezi kuzikwa kama mtu asiye na watu wake. Niliwajibu vibaya. Niliwaambia atakayepeleka mfuko mmoja wa sementi pale makaburini, tutamzika nao. Sikuwaomba radhi, na sitawaomba.

Hawakuelewa, nami sikuwaeleza, maana habari yenyewe ni ya wanawake na wao walikuwa wanaume wenye haraka ya kula. Lakini ninyi mliozaliwa nyakati zangu, mlioimba nyimbo za kujitegemea mkiwa peku na kupandishwa malori bila kuulizwa, ninyi naweza kuwaeleza. Mtanisamehe nikipandisha sauti mahali fulani. Ndivyo nilivyo.

Tulikuwa tukikaa katika tembe kubwa ya zamani nje ya mji wa Tabora, kandokando ya njia iliyokuwa ikipitwa na misafara ya pembe za ndovu enzi za mababu. Aliyeijenga alikuwa Mwarabu mmoja mfanyabiashara. Babu yake baba alikuwa mpagazi wake, akabeba pembe kwenda pwani miaka nenda miaka rudi hata bega lake moja likashuka chini ya jingine. Biashara ilipokufa, Mwarabu alirudi kwao pwani akamwachia yule mpagazi nyumba ailinde. Akailinda kweli. Akaoa humo, akazaa humo, akazeekea humo, na mwanawe vilevile, na hakuna aliyerudi kuidai. Mimi nami nimezaliwa humo.

Ilikuwa nyumba ya udongo yenye kuta nene, imezunguka ua pande zote nne, na paa lake lilikuwa bapa, udongo juu ya magogo, kiasi kwamba mama alikuwa akipanda ngazi kwenda kuanika michembe huko juu nami nikimfuata nikila viazi vyake kabla havijakauka. Mvua za kwanza zikinyesha, nyumba nzima ilinuka vizuri. Chumba cha baba kilinuka asali, kwa sababu alikuwa mrina asali na vibuyu vyake vilipangwa ukutani. Chumba cha mama kilinuka moshi na karanga mbichi. Popo walikuwepo pia, na mkojo wao, sitawaficha. Kwangu mimi hata hiyo ilikuwa harufu ya nyumbani.

Jambo moja zaidi kuhusu nyumba hiyo, na kwetu lilikuwa dogo. Katika siku za misafara Mzungu mmoja msafiri aliwahi kulala humo akiugua homa, mpaka akapata nafuu akaenda zake. Babu alisimuliwa na babaye kwamba Mzungu yule alikuwa akilalamika sana kuhusu chakula. Basi. Chumba alicholala ndicho kilichokuja kuwa chumba cha mama.

Sasa niseme lile la wanawake. Kwetu, mtoto aliyefariki kabla hajatolewa nje kuonyeshwa jua hakuhesabiwa kuwa mtu aliyekufa. Hakuliliwa, hakupewa jina, na wanaume hawakumzika. Walisema, "Mgeni amerudi." Wanawake wazima wa nyumba hiyo walimzika wenyewe, ndani, chini ya kitanda cha mamaye upande wa kichwani, wakasawazisha udongo kwa viganja mpaka usiweze kujua. Mahali hapo mwanamume hakuonyeshwa wala hakuuliza. Sababu yake ni kwamba mgeni huyo atarudi tena kwa tumbo lilelile, na asije akapotea njia. Na ikiwa siku moja nyumba inahamwa, mama yake huchota gao la udongo wa pale, ujazo wa kiganja, akaenda kulifukia chini ya kitanda kipya. Asipofanya hivyo, tumbo lake hubaki nyuma.

Najua wengine wenu mmeanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Mimi mwenyewe nimefunzwa uuguzi, najua tumbo linavyofanya kazi. Lakini mama hakufunzwa uuguzi.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa wakati wa kupanda karanga, akaishi siku chache, hakuona jua. Nakumbuka shangazi, dada mkubwa wa baba, akitoka chumbani kwa mama mikono yake imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Alimwambia baba pale uani, "Mgeni amerudi." Baba aliitikia kwa kichwa, akachukua jembe, akaenda shamba kama mwanamume alivyopaswa kufanya. Hakuna aliyelia. Nilimuuliza mama yule mtoto yuko wapi, naye akanikataza kufagia kwa nguvu chini ya kitanda chake kuanzia siku ile. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini si mjinga, nikaelewa.

Mwaka uliofuata alikuja bwana mmoja wa mambo ya kale kutoka mjini, amevaa suruali iliyopigwa pasi hata mkunjo wake ungeweza kukata nyama. Alizungumza na baba barazani kwa adabu kubwa. Alitaka kujua nani aliyejenga nyumba, na Mzungu alilala chumba kipi. Baba alifurahi! Hakuna aliyewahi kumuuliza maneno marefu namna ile. Alimzungusha nyumba nzima, akamwonyesha na chumba cha mama, akasimama karibu kabisa na kitanda akinyoosha mkono huku na huku. Waliporudi barazani yule bwana aliuliza, "Na makaburi je, Mzee? Yapo humu ndani au uani?"

"Hakuna, bwana," baba alisema. "Makaburi yetu yako ng'ambo ya kijito."

"Nauliza kwa sababu pakiwa na kaburi hatupagusi. Panaachwa palivyo, na wenyewe wanaruhusiwa kuja. Hatuchezei makaburi ya watu."

"Hakuna," baba alirudia, na alikuwa anasema kweli yake yote.

Mama alikuwa nyuma ya mlango ameshika kata ya togwa ya mgeni. Mimi nilikuwa miguuni pake. Togwa ilimmwagikia vidoleni, kisha akanipa mimi nipeleke. Mgeni akanywa, akasifu, akaondoka.

Halafu ikaja amri ya kuhamia vijijini. Sisi wote wa makao yale yaliyotawanyika kando ya njia ya zamani tulitakiwa kwenda kwenye kijiji kipya ng'ambo ya mbuga, tukakae pamoja, tulime pamoja, tupate shule na zahanati. Sitakuwa mwongo, shule tuliipata, na bila shule ile nisingeandika haya. Lakini asubuhi ya malori naikumbuka kwa hasira hadi leo. Mgambo waliingia vyumbani kubeba vitu, wengine vijana wetu wenyewe. Mama alitaka kubaki peke yake chumbani kitambo tu. Shangazi alisimama mlangoni akawaambia wale vijana watoke.

"Mama, lori halisubiri," alisema mmoja.

"Tokeni kidogo, wanangu. Kuna jambo la kike."

"Jambo la kike mtalimalizia huko kijijini."

Wakainua kitanda. Mama akasimama pale palipokuwa upande wa kichwani, miguu yote miwili juu ya mahali penyewe, amekunja mikono kifuani, na vijana wakimpita kushoto na kulia na vyungu vyetu. Baba alikuwa anamwita kutoka nje, mara ya kwanza kwa upole, mara ya mwisho kwa ukali, maana watu wote walikuwa wamekwisha panda na walikuwa wanatazama. Mama hakuweza kuinama mbele ya wale wanaume na kuchimba. Alitoka mikono mitupu akapanda lori, akakaa ametazama tulikotoka.

Njiani nilimuuliza baba nani atakaa katika nyumba yetu. Alijibu kwa mkato, kama mtu anayeumwa jino, "Nyumba sasa ni ya Mzungu."

Sasa msinicheke. Mimi nilielewa hivyo hivyo nilivyoambiwa. Nilijua Mzungu aliwahi kulala kwetu akiugua, basi nikaona kwamba amerudi na kudai kitanda chake. Kwa nini nisione hivyo? Mwarabu angeweza kurudi, na Mzungu angeweza kurudi, tuliokuwa hatuna pa kurudi ni sisi. Kwa muda mrefu, kule kijijini, nyumba yetu mpya ya miti ikipitisha upepo, nilikuwa nikilala namfikiria: mtu mrefu mwekundu, amelala chumbani kwa mama na viatu vyake, anakula asali ya baba na kulalamika. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Mimba ya mama haikuja. Wanawake wa kijiji kipya walianza kuuliza kwa macho, kisha kwa vinywa. Shangazi alikuja kukaa nasi, na niliwasikia wakinong'ona jikoni.

"Tumbo limebaki kule," shangazi alisema. "Udongo lazima uje."

"Nilikwenda. Wameweka mlinzi, amenizuia getini. Anasema mafundi wako kazini, hapaingiwi."

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini, wifi? Mlinzi mwanamume!"

Ndipo mwalimu wetu alipotangaza kwamba darasa letu litakwenda kutembelea makumbusho mapya, nyumba ya kihistoria ya siku za misafara. Alikuwa kijana mwenye bidii kutoka mkoa mwingine. Hakujua sisi ni watu wa wapi. Nilipofikisha habari nyumbani, mama aliacha alichokuwa akifanya. Alichana kipande cha kaniki, akanifunga kiunoni ndani ya gauni, akaniambia nichote gao moja tu chini ya kitanda upande wa kichwani, nilifunge humo, nisimwambie mtu yeyote.

"Hata Mzungu?" niliuliza.

"Hata Mzungu," alisema mama, mawazo yake yako mbali.

Hilo likawa kwangu uthibitisho kwamba yupo. Usiku nilitunga maneno ya kumwambia endapo atanikuta. Nilikusudia kumwamkia kwanza, kwa sababu hata adui akiwa mzee huamkiwa, kisha nimwambie, "Naomba udongo kidogo wa mama yangu, chumba baki nacho."

Tulikwenda kwa miguu tukiimba, mwalimu mbele. Nyumba nilianza kuiona kutoka mbali na sikuitambua. Ilikuwa imepakwa chokaa nyeupe. Ngazi ya kupandia paani imeondolewa. Uani, mafiga ya mama hayapo, na pale alipokuwa akitwanga wamepanda maua na kuyazungushia mawe yaliyopakwa chokaa pia. Watoto wengine waliokuwa majirani zetu wa zamani walinitazama pembeni kuona nitafanya nini. Sikufanya kitu. Nilikuwa nanusa, na nyumba ilikuwa hainuki asali wala moshi wala hata popo.

Mwongozaji alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri. Alitueleza habari za Mwarabu, na bei ya pembe huko pwani, na jinsi Mzungu alivyokuwa mvumilivu katika homa yake. Alitueleza kwamba msafara ulikuwa na wapagazi wengi, akapita. Halafu akasema, "Nyumba hii ilikutwa gofu. Mbuzi ndio waliokuwa wakilala humu."

Darasa zima lilicheka. Mtoto mmoja aliyekuwa jirani yetu aliniambia sikioni, "Kabula, kumbe mlikuwa mbuzi?" Jina hilo lilinikaa mpaka nilipomaliza shule. Mbuzi wa Mzungu.

Tukaingia chumbani kwa mama. Kilikuwa na kitanda kipya cha kamba, shuka nyeupe iliyonyooshwa, chandarua, na picha ukutani ya mtu mwenye ndevu asiyefurahia chochote. Mbele ya kitanda pamefungwa kamba ya kuzuia watu. Mwongozaji akasema hapa ndipo alipolala. Nilinyoosha mkono.

"Mwenyewe yuko wapi?" niliuliza.

"Nani?"

"Mzungu. Amekwenda wapi?"

"Ah, binti! Amekufa huyo, siku nyingi, kabla babu yako hajaota ndevu."

Vicheko tena. Yale maneno yote niliyoyatunga yalikosa wa kuambiwa. "Amekufa?" nilisema. "Sasa kitanda cha nini?"

Mwalimu alinitazama kwa onyo. Lakini kwa kweli nilikuwa sijafanya utani. Nilikuwa nimevumilia kwamba mtu mkubwa mgonjwa anahitaji chumba. Sikuwa nimewazia kwamba tulitolewa, baba na asali yake na mama na tumbo lake, ili mtu asiyekuwepo atandikiwe shuka. Serikali ilitaka watu wote tukae pamoja, na mmoja tu ikamwachia nyumba nzima akae peke yake, naye ni maiti. Hayo ni maneno yangu ya utu uzima, lakini hasira ni ileile ya siku ile, haijaongezeka wala kupungua.

Wenzangu walipohamia chumba cha pili, nilibaki nyuma, nikapita chini ya kamba, nikaingia mvunguni. Nilipapasa upande wa kichwani. Mkono wangu ulipita juu ya kitu laini, kigumu. Nikapapasa kwingine. Sakafu yote ilikuwa imepigwa sementi, kutoka ukuta hadi ukuta, imesuguliwa ikang'aa. Nilijaribu kwenye kiungo cha sakafu na ukuta, labda wameacha ufa. Nilikwangua kwa kucha. Nilikwangua hata ukucha wa kidole cha kati ukang'oka, na nilichopata ni vumbi jeupe la chokaa lililochanganyika na damu yangu. Wala sikulia mpaka mwongozaji aliponivuta mguu.

Mwalimu alinichapa palepale uani, mbele ya maua. Jioni, jua halijazama, alikuja nyumbani.

"Hodi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, keti."

"Mzee, binti yako leo ametutia aibu kubwa. Amekutwa mvunguni mwa kitanda cha makumbusho, anachimba sakafu. Mali ya taifa, Mzee."

Baba alinigeukia. Hakuwa mkali, alishangaa tu. "Ulikuwa unatafuta nini, Kabula?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anapeta mtama kando ya mlango, na ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Hakunipa ishara yoyote. Kidole kilikuwa kinaniuma, na nilikuwa nimechoka.

"Namtafuta mdogo wangu," nilisema.

Mwalimu alianza kucheka akaacha.

"Mdogo wako yupi?" baba aliuliza. Kisha akaacha kunitazama mimi, akamtazama mama.

"Yule aliyerudi," mama alisema bila kuinua kichwa.

"Alilazwa wapi?"

"Chumbani kwangu. Ulidhani wapi?"

Mwalimu aliinuka, akaaga, maji aliyopewa hakuyamaliza. Sikumsikia tena akinitaja kwa ubaya, na darasani alianza kuniita jina langu kwa upole ambao ulikuwa ukinikera kuliko fimbo.

Alipokwisha ondoka, baba alisimama. "Mbona hukusema? Yule bwana aliuliza waziwazi! Nikajibu ukinisikia!"

"Aliuliza makaburi, Baba Kabula. Lile haliitwi kaburi. Na hata lingekuwa kaburi, ningelitaja vipi mbele ya wanaume wawili?"

Baba alikaa chini. Nilikuwa namchukia dakika ile, lakini nikimwangalia leo kwa macho ya mtu mzima sioni alipokosea. Aliulizwa na mtu wa mjini, akajibu kama mtu wa kwao. Aliyekuwa na jibu hakuulizwa, na angeulizwa asingejibu.

Kesho yake alivaa koti lake akaenda Tabora mjini kwa miguu. Alirudi jua limeshuka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alimpa maji ya kunawa, akasubiri.

"Wamenisikiliza," baba alisema. "Siwezi kusema hawakunisikiliza. Yule bwana amesema mtoto angetajwa mapema, pale pangeachwa. Sasa sakafu imekwisha pigwa, wageni wanakuja. Akasema labda wataweka kibao kidogo. Akaniuliza jina la mtoto."

Mama alilipokea koti lake.

"Nikasema hana jina. Akaniuliza, basi tuandike nini?"

Mama alichukua ndoo, akaenda kisimani ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Hakupata mtoto mwingine. Mnaweza kusema ni kwa sababu nyingine, nami kama muuguzi naweza kuwatajia nne au tano. Baba alivumilia kuliko wanaume wengi wangevumilia, kisha akaoa mke wa pili, na sikatai kwamba alimwomba mama ruhusa. Nilikuwepo. Mama alikuwa anamenya karanga. Alimwambia, "Oa. Tumbo langu wamelipiga sakafu." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayeeleza kwa nini shamba fulani halilimwi. Wale ndugu waliotaka kujenga kaburi lake ndio watoto wa huyo mke wa pili. Ni watu wema, walimlea uzeeni, na ndiyo sababu sikuwaambia ukweli huu usoni.

Tulirudi mara moja tu. Baba alikuwa amekwisha fariki, mimi nina kazi yangu, nimekuja likizo, na mama akasema ghafla kwamba anataka kwenda kuiona nyumba. Sikuuliza kwa nini. Tulipanda gari mpaka barabarani, tukatembea kipande kilichobaki polepole kwa sababu ya magoti yake. Chokaa ilikuwa imebambuka. Hapakuwa na wageni wengine. Mwongozaji alikuwa kijana mwembamba, mchangamfu, nadhani hakuwa amezaliwa wakati wa malori.

"Karibuni sana, mama zangu. Shikamooni."

"Marahaba."

"Mmewahi kufika hapa?"

"Hapana, mwanangu," mama alisema. "Ndiyo mara ya kwanza."

Nilimtazama. Alikuwa ametulia kabisa. Kijana akatupitisha vyumba vyote, akatueleza pembe na misafara na Mzungu na uvumilivu wake, na mama akaitikia, "Eeh. Eeh," kama mgeni mwenye adabu. Katika chumba kile, kijana akiwa bado anazungumza, mama alivua kandambili zake mlangoni.

"Si lazima kuvua, Mama. Pita tu."

Mama aliishusha ile kamba kwa mkono mmoja, akapita, akaenda mpaka upande wa kichwani mwa kitanda, akasimama peku juu ya sementi, miguu yote miwili. Kijana alifungua mdomo amkataze, nami nikamwangalia kwa namna ambayo ilimfanya aufunge. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akimtaja mtoto yule tangu jioni ile ya mwalimu, na sikutazamia.

"Pana baridi," alisema. "Pana baridi sana hapa kwa mtoto. Wangemtandikia hata mkeka."

Yule kijana akageuka haraka kutazama mlangoni, aone ni mtoto gani tuliyemwacha nje.